Ukingo Unaotoboa Matairi: Safari za Baiskeli Tanga na Chanzo cha Pancha

Katika barabara kuu iingiayo Jiji la Tanga kutoka Segera kupitia Muheza na Pongwe, mwendesha baiskeli huachiwa ukanda mwembamba wa upande wa kushoto, kati ya njia ya magari na nyasi, na ukanda huohuo ndio unaopokea kila kinachosukumwa na magurudumu ya magari: vipande vya chupa, kokoto zenye makali, nyuzi za chuma za matairi ya malori yaliyopasuka, misumari na miiba.

Jambo hili lina sababu yake. Magurudumu ya magari, pamoja na upepo uvumao nyuma ya lori linalokwenda kasi, huifagia njia ya magari mfululizo, na takataka zinazotolewa hapo hazipotei bali hujikusanya mahali ambapo magurudumu hayafiki, yaani ukingoni, ambako sheria, mazoea na hofu ya kugongwa humpeleka mtu wa baiskeli kila siku.

Matokeo yake ni pancha, yaani kutoboka kwa tyubu, ule mpira wa ndani unaoshika upepo wa gurudumu. Ingawa watu wengi huichukulia pancha kuwa mkosi, au kuwa ushahidi kwamba tairi lililonunuliwa ni bovu, namna tyubu inavyotoboka inaonyesha kwamba chanzo huweza kujulikana, kwamba sehemu ya chanzo hicho imo mikononi mwa mwenye baiskeli mwenyewe, na kwamba sehemu iliyobaki, ambayo si ndogo, ni ya wale wenye dhamana ya barabara.

Mji tambarare, maisha juu ya baiskeli

Tanga imejulikana nchini kwa muda mrefu kuwa mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, na umbali kati ya makazi na kazi, kutoka Makorora, Mikanjuni, Duga au Mwang'ombe hadi bandarini, sokoni au viwandani, ni mkubwa kwa anayetembea na mdogo kwa anayepanda baiskeli. Wanawake waliovaa mabaibui na kanga huendesha baiskeli mjini hapa bila mtu kuwageukia, jambo ambalo mgeni kutoka mikoa mingine hulitambua mapema.

Bodaboda na bajaji zimechukua sehemu ya safari hizo, lakini hazijaifuta baiskeli, kwa kuwa mtu ambaye ujira wake wa siku hauwezi kubeba nauli ya kwenda na kurudi hana chombo kingine kinachomfikisha kazini kwa gharama ya nguvu za miguu yake tu. Kwa mtu wa namna hiyo pancha si usumbufu mdogo: huondoa fedha ya kuziba, huondoa muda, na kwa kibarua anayepangiwa kazi asubuhi huweza kuondoa siku nzima ya malipo.

Hasara hiyo huonekana waziwazi zaidi katika maziwa. Mkoa wa Tanga una wafugaji wadogo wengi wa ng'ombe wa maziwa, ambao hupeleka mazao yao kwenye vituo vya kukusanyia, na kutoka huko maziwa husafirishwa hadi viwandani, kikiwemo kiwanda cha Tanga Fresh kilichopo jijini. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kufungwa kwenye keni nyuma ya baiskeli huanza kuharibika ndani ya saa chache katika joto la pwani, na kituoni hupimwa kabla ya kupokelewa, ikiwa ni pamoja na kuchanganywa na spiriti ili ionekane kama yanaganda. Saa moja inayopotea kando ya barabara kwa kuziba pancha inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya maziwa yanayopokelewa na yanayorudishwa nyumbani.

Hali haipishani sana kwa wachuuzi wa samaki wanaotoka mialo ya Deep Sea na Sahare alfajiri, wala kwa wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanga na Mkinga, ambao, kama itakavyoelezwa, wana adui wa ziada asiyeonekana kwa macho.

Urithi wa Belfast

Udhaifu wa kutoboka ulizaliwa pamoja na tairi la upepo lenyewe. Mskoti Robert William Thomson alilipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1845, lakini halikushika soko. Aliyelifanya litumike ni John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, ambaye mwaka 1888 alipata hataza ya tairi alilokuwa amelitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ili isimtikise.

Matairi ya kwanza yaligandishwa moja kwa moja kwenye rimu, ile duara ya chuma inayoshika spoku, na kwa hiyo kuziba pancha kulikuwa kazi ndefu, hadi ndugu wa Michelin wa Ufaransa walipotoa mwaka 1891 tairi la baiskeli linalofunguliwa na kurudishwa kwa urahisi. Tangu wakati huo makubaliano ni yaleyale: mpanda baiskeli hupata wepesi na starehe ya kukaa juu ya upepo, na hulipa kwa kuutegemea mpira mwembamba unaoweza kutobolewa na mwiba.

Mkoa wa Tanga una historia yake na mpira huo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mashamba ya mpira wa aina ya Ceará yalipandwa kwa wingi katika eneo la Muheza na Usambara, kisha bei ikaporomoka mwaka 1913 baada ya mpira wa mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki kujaa sokoni. Miongo mingi baadaye shamba la Kihuhwi, wilayani Muheza, lilikuwa miongoni mwa mashamba ya kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha, ambacho sasa kimefungwa.

Kilichomo ukingoni

Adui anayelaumiwa zaidi mjini ni kioo, na lawama hiyo ni ya haki, ila si kila chupa ina hatia sawa. Chupa ya soda au ya bia ina thamani yake kwa kuwa hurudishwa dukani, na mwenye nayo hana haraka ya kuitupa. Chupa isiyorudishwa haina anayeitaka. Baada ya serikali kupiga marufuku pombe kali ya viroba, yaani vifuko vidogo vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017, pombe hiyo iliendelea kuuzwa katika chupa ndogo, na zile ambazo ni za kioo huishia kando ya barabara, ambako hukanyagwa na kusagika kuwa vipande vidogo vyenye ncha.

Kipande cha kioo mara nyingi hakitoboi papo hapo. Kwanza hunasa katika uso wa tairi, yaani sehemu inayogusa ardhi, kisha kila gurudumu linapozunguka hukandamizwa tena na kusogea ndani kidogo. Gurudumu la inchi 28 lenye tairi la kawaida la inchi moja na nusu lina mzingo wa takribani mita 2.25, na kwa hiyo huzunguka kama mara 445 katika kila kilomita. Kipande kilichookotwa Kange asubuhi kinaweza kuifikia tyubu jioni, na mwenye baiskeli akailaumu barabara isiyohusika.

> *Katika kila kilomita moja, kipande cha kioo kilichonasa kwenye tairi la inchi 28 hukandamizwa takribani mara 445.*

Mvua huzidisha tatizo hili kwa njia mbili: maji ya masika na ya vuli huburuta takataka za mitaroni na kuzimwaga juu ya lami, na mpira uliolowa hukatwa na kioo kwa urahisi zaidi kuliko mpira mkavu, kwa sababu maji hupunguza msuguano kati ya mpira na ncha inayoingia. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa ndizo zinazostahili tahadhari zaidi, hata kama jua limekwisha kuwaka.

Nyuzi za chuma ni hatari isiyosemwa sana, labda kwa kuwa ni vigumu kuziona. Matairi ya malori na mabasi husukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma ndani ya mpira, na tairi la lori linapopasuka njiani, jambo la kawaida katika barabara inayohudumia bandari, viwanda vya saruji na machimbo ya chokaa ya Maweni na Amboni, mapande ya mpira hubaki kando, huoza kwa jua na kuachia nyuzi hizo. Uzi mmoja wenye unene wa nywele chache huingia katika tairi la baiskeli bila kuacha alama inayoonekana, hutoboa tundu dogo linalovuja polepole, na hubaki humo ukisubiri tyubu mpya.

Nje ya lami mwenye nguvu ni mbigili, mmea unaotambaa ardhini penye mchanga na udongo uliovurugwa, wenye maua madogo ya manjano. Tunda lake likikauka hugawanyika vipande vitano, na kila kipande kina miiba migumu iliyoelekea pande tofauti, kwa mpangilio ambao hata kikianguka vipi, mwiba mmoja huelekea juu. Mbigili huota pembezoni mwa njia, huzaa baada ya mvua, na matunda yake huwa makali zaidi ardhi inapokauka baada ya masika.

Halafu kuna mkonge. Zao hili, lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche 1,000 ambayo ni 62 tu iliyofika hai, na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani, lina jani linaloishia kwenye mwiba mweusi mgumu wenye urefu wa karibu sentimita mbili. Wakataji huuondoa mwiba huo shambani kabla ya kufunga majani mafungu, na kwa hiyo njia za ndani ya mashamba, ambazo wanavijiji huzitumia kufupisha safari, huwa na miiba iliyokauka ambayo hakuna tairi la kawaida linaloweza kuizuia.

Tundu lenyewe hueleza

Kosa linalorudiwa mara nyingi kando ya barabara ni kuziba tyubu bila kutafuta kilichoitoboa. Tyubu ikizibwa na kurudishwa ndani ya tairi ambalo bado lina mwiba au uzi wa chuma, itatoboka tena kabla mwenye baiskeli hajafika mbali, na hapo ndipo lawama huangukia kiraka, solusheni, yaani gundi ya kiraka, au fundi.

Njia ya kuepuka kosa hilo ni rahisi, nayo inahitaji nidhamu tu. Kabla ya kutoa tyubu, fundi huweka alama kwenye tairi mahali valvu ilipo, valvu ikiwa ni kile kijiti cha kuingizia upepo. Kisha akishaona mapovu katika karai la maji, hupima umbali kutoka valvu hadi kwenye tundu na kuhamishia umbali huohuo kwenye tairi. Mahali hapo ndipo penye adui, na vidole, au afadhali kipande cha kitambaa kinachonasa kwenye ncha, hupapasa ndani ya tairi hadi kimpate.

Mahali tundu lilipo na umbo lake hueleza mengi zaidi. Tundu moja upande wa nje wa tyubu, ule unaoelekea ardhini, ni kazi ya mwiba, kioo, msumari au uzi. Tundu upande wa ndani, ule unaoelekea rimu, halitoki barabarani kabisa. Limetokana na kichwa cha spoku kilichochomoza au kutu iliyokula rimu, baada ya utepe wa mpira au kitambaa unaofunika vichwa hivyo kuchakaa au kusogea.

Hapa ndipo alipo yule adui wa ziada wa watu wa pwani. Hewa yenye chumvi huzitafuna spoku na rimu za chuma haraka kuliko ya bara, na baiskeli inayokwenda mashamba ya chumvi kila siku huota kutu ndani ya rimu, mahali ambapo mwenye nayo haangalii hadi siku ya pancha. Mtu anayepata pancha tatu kwa mwezi, zote upande wa rimu, hana sababu ya kununua tairi jipya. Anahitaji msasa na utepe mpya wa rimu.

Matundu mawili membamba yaliyo sambamba yana maana nyingine kabisa. Hutokea gurudumu linapogonga ukingo wa shimo au wa lami iliyomegeka likiwa na upepo mdogo, tairi likabonyea hadi tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za rimu. Baiskeli inayobeba gunia la mkaa, nazi au machungwa ya Muheza iko katika hatari hiyo kuliko nyingine yoyote.

> *Matundu mawili yaliyo sambamba si kazi ya msumari. Ni ushahidi wa upepo mdogo.*

Tyubu inayochanika kwenye shina la valvu nayo hushuhudia jambo hilohilo: tairi lenye upepo mdogo huteleza kidogo juu ya rimu kila linapovutwa, tyubu ikafuata, na valvu iliyonaswa katika tundu la rimu ikabaki nyuma hadi mpira ukachanika.

Upepo kwanza

Kutokana na ushahidi huo, kinga ya kwanza dhidi ya pancha ni upepo wa kutosha, nayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ubavuni mwa kila tairi huandikwa kiwango kinachofaa, mara nyingi kwa paundi kwa kila inchi ya mraba, kipimo cha nguvu ambayo upepo husukuma nayo kuta za tairi. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi, kwa kuwa kidole hakiwezi kutofautisha vizuri tairi lenye paundi 30 na lenye 50, ilhali baiskeli yenye mzigo huona tofauti hiyo mara tu inapofika kwenye shimo. Pampu yenye geji kwa fundi wa mtaa humaliza shaka hiyo kwa dakika moja.

Upepo hupungua hata bila tundu, kwa kuwa mpira wenyewe hupitisha hewa taratibu. Mpira wa asili hupitisha zaidi, na mpira wa butili, uliovumbuliwa nchini Marekani mwaka 1937 na kutumiwa katika tyubu nyingi za leo, hupitisha mara kadhaa kidogo kuliko huo. Tyubu ya mpira wa asili inahitaji kuangaliwa kila baada ya siku chache, ya butili kila wiki.

Hofu iliyoenea katika mji wenye joto kama Tanga ni kwamba tairi lililojazwa vizuri litapasuka likiachwa juani, na wapo wanaopunguza upepo kwa sababu hiyo. Hesabu haiiungi mkono hofu hiyo. Tairi lililojazwa paundi 50 alfajiri kukiwa na nyuzi joto 24, likiachwa juani hadi likafikia nyuzi 50, hupanda hadi paundi 56 hivi, ongezeko ambalo tairi zima hulimudu bila shida. Linalopasuka juani ni tairi lililokwisha kuchoka, lenye nyufa ubavuni au lililochanika kando ya rimu, na tairi la namna hiyo linapaswa kutolewa barabarani, si kupunguzwa upepo na kuendelea kubebeshwa mzigo.

Gurudumu la nyuma linahitaji uangalizi zaidi kuliko la mbele. Hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji na mzigo wote wa karia, husukumwa na mnyororo na kwa hiyo huchakaa mapema, tena hupokea vitu ambavyo gurudumu la mbele limevifukua na kuvisimamisha wima punde tu kabla. Kuangalia uso wake kila jioni na kung'oa kwa ncha ya sindano kila kioo kilichonasa ni kazi ya dakika mbili inayozuia pancha ambayo ingetokea kesho yake.

Kinga zinazobishaniwa

Zaidi ya hapo maoni hutofautiana. Njia ya zamani ya mafundi ni kuweka tairi ndani ya tairi: tairi kuukuu hukatwa kingo zake ngumu, na ukanda wa katikati ukalazwa kati ya tyubu na tairi jipya. Wanaoipinga husema kwamba baiskeli huwa nzito na kwamba ukanda huo wenyewe hutoboa tyubu, na hoja yao ya pili ina ukweli, kwa sababu ncha mbili za ukanda zinapokutana husugua tyubu mahali pamoja hadi ikachoka. Fundi mwangalifu huzipunguza unene ncha hizo kwa kisu na msasa, huzipisha bila kuacha kipandio, na kunyunyiza poda ili mpira usisuguane. Kazi ikifanywa hivyo, ukanda huo huzuia mbigili na kioo kwa gharama ndogo mno.

Viwandani wazo hilohilo limefanyiwa kazi kwa vifaa vingine. Baadhi ya matairi huwekwa utando wa nyuzi za aramidi, ambazo aina yake maarufu, Kevlar, iligunduliwa mwaka 1965 na mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont ya Marekani, na ambazo huzuia kukatwa. Mengine, kama Marathon Plus la kampuni ya Schwalbe ya Ujerumani, huwekwa chini ya uso wake tabaka la mpira laini lenye unene wa takribani milimita 5, kiasi kwamba kioo kikinasa hakina urefu wa kuifikia tyubu. Ubora wake haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni bei yake, ambayo imepangwa kwa soko la Ulaya.

Dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tyubu, ambayo wengi wameifahamu kupitia pikipiki, huziba matundu madogo ya mwiba papo hapo. Haizibi mchaniko, hukauka kadiri muda unavyokwenda, na katika valvu ya baiskeli za kizamani, ile yenye kipira kidogo kinachozuia upepo usirudi, huganda na kuifanya isipitishe upepo. Zaidi ya hayo, fundi anayefungua tyubu iliyolowa dawa hupata shida kugandisha kiraka. Inamfaa mwenye valvu ya aina ya pikipiki anayepita penye miiba mingi, wala si suluhisho kwa kila mtu.

Matairi yasiyo na upepo, yaliyojazwa mpira au povu gumu, hunadiwa kwa ahadi kwamba pancha zitakwisha kabisa. Ahadi hiyo ni ya kweli na ndiyo inayopotosha. Upepo ndio unaomeza mitikisiko. Ukiondolewa, kila shimo hupiga rimu, spoku, fremu na mgongo wa mpandaji, na baiskeli iliyobebeshwa keni za maziwa au gunia la mkaa huanza kukatika spoku badala ya kutoboka. Kwa baiskeli ya mizigo katika barabara za Tanga, makala haya yanaona kwamba tairi la upepo lenye ukanda wa ndani bado ni chaguo bora.

Nani afagie?

Mwenye baiskeli akishafanya yote hayo, ukingo wa barabara unabaki vilevile. Hapa swali linahama kutoka karakana ya fundi kwenda ofisi za umma, na ofisi zenyewe ni zaidi ya moja: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza kazi mwaka 2000, barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na uzoaji wa taka ni wajibu wa halmashauri. Kipande cha chupa kilicholala kwenye bega la barabara, yaani ukanda wa pembeni unaoishikilia lami, kinaweza kuwa taka kwa mmoja na barabara kwa mwingine, na kwa hiyo kikabaki pale.

Upande wa wenye barabara una hoja zake. Fedha za matengenezo hazitoshi mahitaji, na zinapopatikana hutangulia kwenda kwenye madaraja, makalavati na mashimo, ambayo yakiachwa huua watu. Inasemwa pia kwamba Mfuko wa Barabara hutegemea zaidi tozo ya mafuta, ambayo mwenye magari huilipa kila anapojaza tangi na mwenye baiskeli hailipi.

Hoja ya tozo inahitaji kupimwa vizuri. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa jimboni Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, maana yake ekseli yenye uzito maradufu huharibu mara 16 hivi. Kwa kipimo hicho uharibifu unaofanywa na baiskeli haufikii hata kuhesabika, ilhali kokoto, nyuzi za chuma na lami iliyomegeka ukingoni ni kazi ya magari mazito. Anayepata pancha analipa kwa uchafu na uharibifu ambao hakuufanya, na malipo hayo, ingawa hayaandikwi kwenye stakabadhi ya serikali, hutoka mfukoni mwake kila mwezi.

Wapo pia wanaosema kwamba dawa ni njia maalumu za baiskeli. Dar es Salaam imepata baadhi pamoja na barabara za mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016, na chama cha waendesha baiskeli cha jijini humo, UWABA, kimedai njia hizo kwa miaka mingi. Dai hilo ni la haki hata kwa Tanga, lakini njia iliyotengwa bila kufagiliwa huwa mbaya kuliko ukingo wa kawaida, kwa kuwa hakuna gari linalopita humo kuisafisha, na kila chupa inayovunjika hukaa hadi tairi litobolewe nayo. Copenhagen, mji unaosifiwa kwa baiskeli, huzifagia njia zake na kuziondolea theluji kwa ratiba, nazo zinatumika kwa sababu hiyo.

Kinachowezekana Tanga kwa sasa ni kidogo kuliko hicho na hakihitaji kusubiri mradi. Vipande vichache vya barabara ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya watu wa baiskeli asubuhi na jioni: kutoka Pongwe na Kange kuingia mjini, barabara ya Amboni, barabara ya Pangani kupitia Duga na Mwang'ombe, na njia za kwenda bandarini. Vikundi vinavyofyeka nyasi na kuzibua mitaro kwa mkataba vinaweza kupewa katika mkataba huohuo wajibu wa kufagia mabega ya barabara hizo, na kuondoa mapande ya matairi ya malori kabla hayajaoza na kuachia nyuzi zake.

> *Mbigili ing'olewe wakati maua yake bado ni ya manjano.*

Jambo la wakati ni muhimu hapa kuliko la fedha. Mbigili ikifyekwa matunda yake yakiwa yamekwisha kukauka, kufyeka kwenyewe huyatawanya juu ya njia na kuifanya iwe mbaya zaidi. Ikifyekwa au kung'olewa wiki chache baada ya mvua kuanza, wakati maua bado ni ya manjano na tunda bado bichi, mbegu za msimu huo hazipatikani. Kwa pwani ya kaskazini hilo lina maana ya kufyeka Aprili na Mei, na tena Novemba, na kufagia mara baada ya mvua kubwa, wakati maji yamekwisha kuzimwaga juu ya lami chupa zote zilizokuwa mitaroni.